Aliyeisasisha Kompyuta ya Kambi Nane

Jumatatu saa tatu asubuhi, siku mbili kabla ya kikao cha Msambweni, kompyuta ya Kambi Nane ilinifia mkononi.

Niliiwasha mwenyewe. Feni ikavuma, nembo ya mtengenezaji ikapita, kisha kioo kikajaa maandishi meupe, mstari juu ya mstari, na ule wa mwisho ukasema kwamba kiini cha mfumo hakikuipata diski na kwa hivyo hakiendelei. Nikaizima, nikaiwasha. Yale yale. Mara ya tatu nikayasoma kwa sauti, nikidhani labda mashine itaona haya.

"Inasema nini?" aliniuliza Ndolo. Kompyuta ilikuwa ikikaa nyumbani kwake, katika chumba cha watoto, juu ya meza aliyoipiga misumari mwenyewe. Naye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Inasema imekufa."

"Ai! Haiwezi. Juzi ilikuwa sawa tu."

"Juzi nani aliiwasha?"

"Si ni mwenyekiti. Alikuja Jumamosi, akakaa hapo mpaka saa saba. Alisema anapitia orodha ya kikao."

"Ndolo, usinichezee. Mwenyekiti ni mjomba wangu, hajui hata kuongeza sauti."

"Mimi nakwambia nilichoona."

"Na mimi nakwambia usimtaje."

Asiyeijua Kambi Nane atadhani nilikuwa nimerukwa na akili kwa sababu ya kompyuta kuukuu. Basi naeleza. Kambi Nane iko upande wa Ramisi, na jina lake ni la zamani za miwa. Hapo tulikuwapo sisi Wadigo kabla haujapandwa muwa hata mmoja, na hapo waliletwa Wakamba kuja kuikata. Miwa ilipokwisha, watu tulibaki, sisi na wao, tukalima mihogo, tukazika wafu wetu. Kisha ikaja kampuni ya kujenga majumba ya kifahari kutoka Diani, na karatasi yao inasema ardhi hii ilikuwa tupu hadi mwaka wa tisini na tisa. Tupu. Nyanya yangu amelala chini ya udongo wao mtupu tangu sitini na nne.

Karatasi sisi hatuna. Tulikuwa na wazee. Kuanzia mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu nilizunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, nikawauliza: ulizaliwa wapi, nani alipanda mnazi huu, kaburi lile ni la nani, kadi yako ya kazi ilikuwa namba ngapi. Sauti mia mbili na kumi na nne, Wadigo na Wakamba. Wenye sauti hizo, sitini na mmoja wameshakufa. Mtu akifa hatoi ushahidi mara ya pili. Na wasuluhishi watatu waliopewa kesi yetu walituandikia wazi: watazisikiliza sauti hizo Jumatano saa nne, kutoka mashine ya asili, zikiwa na tarehe zake za asili. Nakala hawapokei.

Nakala, hata hivyo, hatukuwa nayo. Hilo ni langu na silikwepi. Mwaka wa kumi na saba orodha ya mashahidi ilitoka kwenye flashi, sijui kwa mkono wa nani, ikafika Diani. Ndani ya mwezi mmoja wazee kumi na mmoja walitembelewa nyumbani, mmoja mmoja, wakakana maneno yao. Majina yao ninayo kichwani mpaka leo, na siku waliyokana, na nguo walizovaa. Nikasimama kwenye uwanja wa shule nikasema: mashine moja, diski imefungwa kwa nenosiri, na nakala hakuna. Tukala yamini, Waislamu kwa msahafu na Wakristo kwa Biblia. Waliosema ni ujinga kuweka kila kitu pahali pamoja niliwaita vibaraka. Mwalimu Fondo alikuwa mmojawao. Hatujasalimiana tangu siku hiyo.

Na kwa nini ikae kwa Ndolo? Kwa sababu ya ujomba. Kwetu mjomba, ndugu wa mama, si mtu wa kukataliwa. Akikuomba shati ulilovaa, unalivua ukiwa bado unajiuliza la kuvaa. Tukiiweka kompyuta kwa Mdigo, atakuja mjomba wa mtu, atasema naomba kuona kidogo, na itaonwa. Ndolo ni Mkamba, hana mjomba huku. Wajomba zake wako Kitui. Hoja hiyo alitoa Swabir mwenyewe, mwenyekiti wa kamati yetu ya ardhi, na watu wakacheka, wakapiga makofi, kwa sababu Swabir ni mjomba wangu mimi, tumbo moja na mama yangu.

Sasa nirudi kwenye kioo kile. Mimi sikusomea kompyuta. Nilikuwa natandika vitanda hotelini Diani, na hoteli ilipobadilisha vyombo vya ofisi nikaomba kimoja kilichokuwa kinatupwa. Mfumo wa wizi uliokuwamo ulijaa virusi, nikaufuta, nikaweka Linux, mfumo wa bure, nikajifunza kwa kurasa nilizochapisha saiba, duka la intaneti la Ukunda, usiku kamusi mkononi, asubuhi mashuka. Kwa hiyo nilijua kwamba mashine hii huweka viini viwili au vitatu, kipya na cha zamani, na kipya kikigoma unaweza kuchagua cha zamani kwenye orodha ya mwanzo. Nikaifungua orodha. Kiini kipya kilikuwapo, cha tarehe nisiyoijua. Mimi sikuwa nimesasisha kitu tangu mwaka wa kumi na nane. Nikachagua kile cha zamani.

Faili haipo.

Nikachagua kingine. Faili haipo.

Hapo damu ilinipanda. Mashine hupata ajali, hilo najua. Lakini orodha ikitaja vitu ambavyo havipo pale vinapotakiwa kuwa, maana yake mtu ameviondoa kwa mkono. Kuna mtu aliweka kiini kipya kibovu, kisha akakata njia ya kurudi nyuma.

"Ndolo," nilisema, "ni nani mwengine anayeingia chumba hiki?"

"Watoto wangu wanalala hapa, dada. Mimi. Kavata. Wewe. Mwenyekiti."

"Umepewa nini?"

"Nini?"

"Umepewa nini na watu wa Diani, mpaka unaniangalia na kikombe cha chai?"

Nilikuwa nimeshatoka uani, na sauti yangu haijui kunong'ona. Majirani walikuja, Wadigo wengi kuliko Wakamba. Nikasema mengi. Nilisema mtu wa kuja ni mtu wa kuja. Nilisema asiye na kaburi la nyanya yake hapa hawezi kujua uchungu wa hapa. Niliyasema mimi, niliyezunguka miaka sita nikirekodi makaburi ya Wakamba, likiwamo la baba yake Ndolo, aliyeumwa na nyoka kwenye miwa.

Ndolo aliweka kikombe chini. "Mwanapili, baba yangu ni namba thelathini na tisa kwa hiyo mashine, mama yangu akilieleza kaburi lake. Nimuuze?"

Mkewe, Kavata, alitoka jikoni na mwiko. Yeye hakunong'ona pia.

"Miaka sita! Miaka sita watoto wangu wanalala wamejikunja kama kamba kwa sababu ya hiyo sanduku yenu! Mvua ikivuja nafunika hiyo kwanza, mtoto baadaye. Na leo sisi ni watu wa kuja? Chukua! Chukua na meza yake!"

"Naichukua."

"Na waya usisahau, mama wa makaburi!"

Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Nikaifunga kompyuta kwa leso, nikapanda tuktuk, nikaenda nayo kwangu, karibu na msikiti.

Mjomba Swabir alifika alasiri, baada ya sala, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha kamba, akaitazama mashine kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye hesabu yake imekwisha.

"Mpwa wangu, pole. Nimesikia."

"Ni Ndolo, mjomba."

Akasema, "Mimi sitaki kusema. Lakini mtu wa bara, hata ukikaa naye miaka, roho yake iko bara. Hao si wetu."

"Alisema wewe ulikuwa kwake Jumamosi."

"Nilipita kusalimu. Sikugusa." Akatoa tasbihi mfukoni. "Sikiliza. Usijisumbue. Tuandike barua, tuombe kikao kiahirishwe. Mwaka mmoja, miwili. Na hiyo kompyuta nipe mimi, nina mtu Kombani anaweza kuitazama."

Nikamwambia ngoja, mjomba, nijaribu kwanza. Akanisihi mara ya pili, na ya tatu. Sikumwona kitu cha kumshuku. Mtu aliyenibeba mgongoni kwenda kliniki ya Msambweni nikiwa na miaka mitano, ningemwona nini? Nilimmiminia chai, nikamtilia sukari tatu kama apendavyo.

Jumanne alfajiri nilianza kazi. Nilikuwa na flashi ya uokozi, ambayo ni mfumo mzima mdogo unaowasha kompyuta bila kuitegemea diski yake. Nikaichomeka, nikawasha, ikakubali. Nikaifungua diski kwa nenosiri letu, lile refu la maneno manne, nikangoja mpaka folda ya rekodi ilipofunguka. Sauti zote mia mbili na kumi na nne. Nikabonyeza moja tu. Bibi mmoja, aliyekufa mwaka wa kumi na tisa, akaanza kukohoa na kuniuliza kama kile kidude kinamsikia. Nililia, sikatai. Kisha nikapangusa uso, kwa sababu sauti zilikuwapo lakini mashine ilikuwa bado maiti, na wasuluhishi walitaka iwake mbele yao kama ilivyokuwa, si kwa flashi ya pembeni ambayo wakili wa kampuni angeirukia kama mbwa.

Ugonjwa wenyewe niliuona haraka. Diski iliyofungwa kwa nenosiri ina sehemu ndogo ya mbele isiyofungwa, mfano wa baraza ya nyumba, ambapo kiini hukaa pamoja na furushi dogo la kuanzia lenye maarifa ya kuifungua diski. Baraza hiyo niliikata mimi mwaka wa kumi na nane, nikaikata ndogo mno, kwa ubahili wa nafasi. Aliyesasisha aliingiza kiini kipya, nafasi ikajaa, na furushi lake la kuanzia likakosa pa kuandikwa. Ndiyo sababu kiini kiliamka, kikakuta hakina ufunguo wa nyumba, kikakata tamaa. Huo haukuwa uovu. Mtego nilikuwa nimeutega mwenyewe, na mtu akaukanyaga.

Lakini viini vya zamani kufutwa kwa mkono, hicho kilikuwa kitu kingine.

Nikaingia ndani ya mfumo uliolala, nikafuta mabaki, nikaiambia imalizie vifurushi vya programu vilivyoachwa katikati, nikaandika upya lile furushi la kuanzia. Likaandikika bila lalamiko. Nikatoa flashi, nikawasha upya, nikasema bismillahi. Maandishi meupe. Yale yale! Nilipiga ukuta ngumi mpaka jirani akauliza kama kuna mwizi. Kumbe nilisahau kuiunganisha ile baraza kabla ya kuandika; nimeandika kila kitu ndani, kwenye folda tupu yenye jina lake, na barazani hakikufika kitu. Kosa la mtu mwenye hasira. Nikarudia kutoka mwanzo, polepole, nikitamka kila hatua kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nikaunganisha baraza. Nikaandika furushi. Nikaifanya upya orodha ya mwanzo. Nikawasha.

Saa nne na robo, mashine ikaniomba nenosiri. Nikaandika yale maneno manne. Ikafunguka.

Kabla ya kushangilia nilitaka kitu kimoja. Linux huandika. Huandika nani aliingia, saa ngapi, aliamuru nini, na kwa jina la nani. Nilipowapa wanakamati akaunti, kila mmoja na jina lake, ndiyo ilikuwa maana. Nilikuwa nautaka ushahidi wa kumpeleka Ndolo mbele za watu, nimsomee mstari kwa mstari. Nikaifungua kumbukumbu ya Jumamosi.

Saa nne na dakika arobaini na mbili, flashi mpya imechomekwa. Mfumo wetu wa zamani haukuutambua mpangilio wake, ukakataa kuifungua. Dakika mbili baadaye imejaribiwa tena. Imekataliwa. Saa nne na hamsini, simu imeunganishwa kwa ajili ya intaneti. Saa tano kasoro dakika mbili, amri ya kusasisha vifurushi vyote imetolewa, kwa mamlaka ya msimamizi. Saa sita na nusu, nafasi imejaa. Kisha amri mbili, moja baada ya nyingine, za kufuta viini vya zamani kwa mkono. Saa saba kasoro, mashine imewashwa upya. Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa, kwa sababu haikuamka.

Na mbele ya kila mstari, aliyeamuru: swabir, swabir, swabir.

Niliusoma mara ngapi sijui. Mwadhini aliadhini adhuhuri nikiwa bado nasoma. Na katika kusoma ndipo lilipokuja lile la kunichoma zaidi: Ndolo hana mamlaka ya msimamizi. Sikumpa. Akaunti yake inaweza kusikiliza na kuandika barua, basi. Hata angetaka, hangeweza kusasisha kifurushi kimoja wala kufuta kiini. Jambo hilo nililijua Jumatatu, nilipokuwa namtukania baba yake uani, kwa sababu ni mimi niliyeipanga mashine hiyo. Mamlaka niliyatoa kwa watu wawili tu, mimi na mjomba. Mjomba kwa sababu ni mjomba. Ningempaje akaunti yenye mlango uliofungwa?

Nilikwenda kwake kwa miguu. Alikuwa anamenya machungwa barazani. Sikumwamkia. Miaka hamsini na mbili, hiyo ilikuwa mara ya kwanza, naye akajua hapo hapo, kisu kikasimama.

"Imewaka?" aliuliza.

"Imewaka. Na inasema."

"Mpwa wangu, kaa."

"Sikai. Flashi ilikuwa ya nini?"

Alitazama ndani ya nyumba kuona kama mkewe yupo. "Walitaka majina tu, Mwanapili. Orodha. Hawakutaka sauti."

"Majina tu! Mwaka wa kumi na saba walitaka majina tu!"

"Ile haikuwa mimi. Wallahi, ile haikuwa mimi."

Huenda kweli haikuwa yeye. Sitajua kamwe, na hata angeapa juu ya Kaaba singemwamini. Hilo peke yake, ukiniuliza, linatosha kumchukia mtu: kwamba ameniharibia mpaka ya zamani.

"Wamekuahidi nini?"

"Hati. Ekari mbili, hizi hizi ninazokalia, kwa jina langu." Aliinua uso. "Mimi nina miaka sabini na moja. Kikao hiki ni cha ngapi? Cha tisa? Wewe una nguvu ya kupiga kelele, mimi nataka kufia kwangu. Nikasema majina watayapata tu, leo ama kesho. Flashi ikakataa. Kijana wao kwenye simu akasema sasisha kila kitu, itasomeka. Nikasasisha. Ikasema nafasi imejaa, nikafuta vya zamani. Vya zamani si ndivyo vya kutupa?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Zile faili zilizotulinda miaka sita, amezifuta kwa mantiki ya mtu anayesafisha stoo. Lakini baada ya hapo mashine ikamfungia mlango, na hakuondoka hata na jina moja. Mfumo wenyewe, kwa ubovu wangu na ujinga wake, ulituokoa. Sina wa kumshukuru hapo ila Mungu.

"Mimi sikulilii flashi," nilimwambia. "Jana uliketi kwangu, ukanywa chai yangu, ukaniacha nimwite Ndolo msaliti. Ukaongeza na kuni. Si wetu, ulisema."

"Ungenitaja mimi? Mjomba wako?"

"Kesho nitakutaja."

"Usifanye hivyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, si ya mwenyekiti tena. "Mfichie siri mjomba wako. Sema mashine iliharibika yenyewe. Ndolo ataelewa, yeye mtu mzima. Mama yako atakufa kwa aibu."

Hapo ndipo alipotumia akili. Mama yangu ana miaka themanini na Swabir ndiye ndugu yake wa mwisho. Na mila haina ugumu: mjomba hasemwi hadharani. Anaitwa pembeni, na wazee, kwa sauti ya chini, na jambo linakwisha. Ndolo, yeye, nilimsema hadharani, kwa sauti ya juu, na hakuna aliyeniambia nimuite pembeni.

Jumatano saa moja asubuhi watu walikusanyika uwanjani kusubiri lori la kutupeleka Msambweni. Ndolo alikuwapo, amesimama mbali, na Kavata, na Wakamba wengine kama thelathini waliokuwa hawasemi na mtu. Nilikuwa nimeiwasha kompyuta kwa betri ya gari. Nikasema nitasoma kitu. Nikasoma kumbukumbu ile yote, saa na dakika, na kila nilipofika kwenye jina nililitamka kama lilivyoandikwa. Nikasema Ndolo hakuwa na uwezo wa kufanya hayo, na mimi nilijua kwamba hana uwezo, na nilimtukana nikijua.

Mjomba hakuwapo. Mama yangu alikuwapo. Alijifunika leso, akageuka, akaenda zake nyumbani polepole na fimbo yake, na sikumfuata.

Nikamwendea Ndolo. "Kaka, nisamehe."

"Nilikwambia Jumatatu," alisema.

"Ulinambia."

"Nilikwambia nani. Kwa mdomo wangu. Ukangoja kuambiwa na mashine."

"Ndiyo."

"Sawa," alisema, kwa namna ambayo haikuwa sawa, akapanda lori.

Ukumbi wa Msambweni ulijaa. Upande wa pili walikaa watu wa kampuni na wakili wao, kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Niliiweka kompyuta mezani. Ikawaka, ikaomba nenosiri, ikafunguka, na msuluhishi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, akaandika saa. Kisha akauliza lile nililokuwa nimelisahau katika hasira zangu zote. Kwa kanuni zao, viongozi wawili wa kamati lazima waape kwamba mashine ni ile ile na rekodi hazijaguswa. Katibu, ambaye ni mimi. Na mwenyekiti.

"Mwenyekiti hayupo," nilisema.

"Yuko wapi?"

Wakili alikuwa ameshainuka nusu. Nikasikia kiti kikisogezwa nyuma yangu.

"Mimi ni mwanakamati," alisema Ndolo. "Mashine ilikaa kwangu miaka sita. Nitaapa mimi."

Msuluhishi akaitazama kanuni, akakubali aape aliyeitunza mashine. "Imeguswa na mtu?"

"Siku moja. Jumamosi. Mtu aliyeigusa jina lake liko ndani, na saa yake, na alichofanya. Hakuchukua rekodi, hakubadilisha. Katibu aliirekebisha jana. Nayo imeandikwa. Angalieni wenyewe."

Wakili aliona mwanya. "Bwana Ndolo, tumesikia kwamba juzi katibu huyu alikushutumu wewe mbele ya kijiji kizima. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na leo unaiapia kazi yake. Unamwamini mtu huyu?"

Nilikuwa nimeangalia meza.

"Yeye? Hapana," alisema Ndolo. "Mpaka juzi nilikuwa namwamini. Lakini hiyo kazi nimeiona ikifanywa, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mama yangu. Hiyo naiapia."

Akapewa Biblia, akaapa. Nikapewa msahafu, nikaapa baada yake. Msuluhishi mkuu akawauliza wenzake kwa macho, wakaitikia kwa kichwa, akaandika kwamba mashine imepokelewa na sauti zote mia mbili na kumi na nne zitasikilizwa, kuanzia sasa, kwa siku sita.

"Nianze na ipi?" nilimuuliza Ndolo kwa sauti ndogo. Nilitaka aseme thelathini na tisa. Nilitaka angalau nimpe hiyo.

"Wewe ndiye katibu," alisema, akarudi akaketi karibu na mkewe.

Nikabonyeza ya kwanza.